Amenihoji kana kwamba naposa binti yake, na nilitaka mbwa tu

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 9 na mwingine 6. Tangu walipokwenda kucheza kwa rafiki yao mwenye koka spanieli, hapa nyumbani hakuna mazungumzo mengine. Yule mbwa aliwakimbilia masikio yakipeperuka, akajitupa chali miguuni mwao ili akunwe tumbo, basi, tukawa tumekwisha. Sikatai, hata mimi alinigusa. Mume wangu amekubali pia, kwa sharti kwamba kumwogesha mbwa haitakuwa kazi yake.

Tatizo ni mahali pa kumpata. Nimezungumza na wauzaji wawili, na kila nikiwalinganisha nazidi kuchanganyikiwa.

Wa kwanza ni mama mmoja anayefuga spanieli nyumbani kwake. Nilimpigia simu nikidhani nitauliza bei, tutapatana siku, mambo yaishe. Kumbe mwulizaji ni yeye! Tunaishi nyumba ya namna gani? Mchana nani anabaki? Watoto wamewahi kukaa na mnyama? Tukisafiri nani atamwangalia? Na nani hasa anayemtaka mbwa, ni mimi au ni watoto? Dakika 40 nzima, Mjomba, kana kwamba naposa binti yake. Mwishowe ananiambia hana kijibwa hata mmoja kwa sasa. Jike wake atapandishwa akiingia joto tena, na nikitaka nitaandikwa kwenye orodha. Akaongeza mawili yaliyoniudhi kabisa: kwamba sitachagua mwenyewe, atanichagulia yeye, na kwamba nitatia sahihi mkataba kuwa siku nikishindwa kumlea, mbwa anarudi kwake na siruhusiwi kumpa mtu mwingine. Sasa hapo nimenunua au nimeazimwa?

Wa pili nilimpata kwenye tangazo. Huyu ni mchangamfu, hana maneno mengi. Ana vijibwa wanane wa wiki 6, koka na kavalia, rangi zote, mpaka wale wenye mabaka ya kijivu cha samawati ambao anasema ni adimu. Bei yake ni nusu ya bei ya yule mama, na nikichukua wawili ananipunguzia tena. Anasema wamepata chanjo zote na wana hati za ukoo. Wala sina haja ya kwenda kwake. Tutakutana njiani au ataniletea mlangoni. Nilipoomba kumwona mama yao akasema yuko kwa ndugu yake, ila alinitumia video. Anataka arubuni kabla ya Ijumaa kwa sababu kuna mteja mwingine anamsumbua.

Mume wangu anasema mbwa ni mbwa, tusijitese. Watoto wameshampa jina, Njugu, na friji imejaa picha zake. Rafiki yangu naye ananishauri nichukue kavalia, maana ni mpole zaidi na hahitaji mazoezi. Mimi sijui hata tofauti zao ni zipi.

Je, yule mama anaringa tu, au kuna jambo silioni? Na nikiamua kumsubiri, siku nikifika kwake niangalie nini?

Mama Njugu Mtarajiwa


Marahaba, Mama Njugu.

Arubuni usitume. Ijumaa iache ipite. Huyo mteja mwingine anayemsumbua muuzaji wako nadhani hayupo, na kama yupo, namhurumia.

Sasa tuje kwa mama wa dakika 40. Unasema alikuhoji kana kwamba unaposa, nami nakwambia hukukosea. Mtu aliyekesha sakafuni na jike wake akisubiri kijibwa wa mwisho atoke, akawapima uzito kila asubuhi kwenye mizani ya jikoni, akaamka usiku kumpa chupa yule mdogo anayesukumwa na wenzake kwenye chuchu, hawezi kukutajia bei kisha akakukabidhi kama mtu anayeuza ndoo. Asingekuuliza chochote ndipo ungekuwa na sababu ya kuniandikia.

Na lile swali lake la nani hasa anayemtaka mbwa, mimi ningeanza nalo. Spanieli mwenye afya huishi miaka 12 hadi 14. Njugu akizeeka, mwanao mkubwa atakuwa na miaka 20 na kitu, yuko mbali na nyumbani na mambo yake. Atakayemshika Njugu aliyepofuka kumtoa nje usiku ni wewe. Kama jibu lako kwa yule mama lilikuwa "ni watoto", mpigie tena umwambie ukweli, maana katika barua yako nimeona wazi kwamba hata wewe unamtaka.

Mkataba umekuudhi bure. Anachosema ni kwamba mbwa aliyemleta duniani hatamwacha atangetange, hata miaka 7 baadaye, hata maisha yakikugeukia. Siku ukiugua, ukihama, mtoto akipata mzio, kuna mlango mmoja ambao hautafungwa. Muuzaji wako wa pili mjaribu baada ya miezi 8, Njugu akiwa ametafuna soli za viatu vyote na hujui la kufanya. Namba itakuwa haipatikani.

Hayo nayasema kwa uchungu kidogo kwa sababu spanieli wangu wa kwanza nilimnunua kwa mtu wa aina hiyo. Nilikuwa kijana, nina haraka. Mimi angalau nilikwenda nyumbani kwake, nikajiona mjanja. Niliomba kumwona mama, akaletwa koka mweusi mzuri, amechanwa manyoya, akasimamishwa karibu na boksi la vijibwa. Nikaridhika. Niliyoyaona siku ile niliyaelewa baadaye sana. Tumbo lake lilikuwa limekaza na chuchu zimenywea kama vifungo vya shati, wakati jike anayenyonyesha hata kama amebakiza wiki moja tumbo huning'inia, na manyoya ya huko chini huwa yamepukutika. Vijibwa hawakumkimbilia. Mmoja alipomsogelea, yule jike alikunja mdomo akaonyesha meno, kisha akageuka kutafuta mlango. Hakuwa mama yao. Alikuwa mbwa wa maonyesho tu, analetwa wateja wakija na kurudishwa wakiondoka.

Kijibwa niliyemchukua alicheza siku mbili. Siku ya tatu hakuinua kichwa kwenye bakuli. Ya nne akaanza kuhara damu yenye harufu ambayo aliyewahi kuinusa hahitaji daktari amwambie ni parvo. Ya sita nikamzika. Virusi vya parvo hukaa mwilini siku kadhaa kabla mnyama hajaonyesha dalili, kwa hiyo alitoka navyo kwenye lile boksi. Nilipompigia mwenye mbwa, aliniuliza nimemlisha nini.

Wazee walisema mwana hutazama kisogo cha nina, na kwa mbwa usemi huo ni wa kuchukuliwa kama ulivyo. Jike mwoga hulea vijibwa waoga, hata kama baba yao ni bingwa. Akibweka na kurudi nyuma kila mgeni akiingia, wanawe wanamtazama na kujifunza kwamba mgeni ni hatari. Kwa hiyo jambo la "mama yuko kwa ndugu yangu" halina mjadala. Kijibwa wa wiki 6 bado anamhitaji mama yake. Kama mama hayupo, aliye mbele yako ni dalali, na hao vijibwa wanane wa aina mbili wametoka matumbo mawili au matatu ambayo hata yeye pengine hayajui.

Uingereza walichoka na madalali wa namna hii mpaka wakatunga sheria. Kulikuwa na kavalia jike aliyeitwa Lucy, aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka kwenye shamba la kuzalishia mbwa huko Wales, mgongo umepinda kwa kufungiwa kwenye kizimba, amezalishwa mfululizo. Sheria ikapewa jina lake na ikaanza kutumika England tarehe 6 Aprili 2020: kijibwa wa chini ya miezi 6 haruhusiwi kuuzwa kibiashara na mtu asiyemzalisha mwenyewe, na mnunuzi lazima aonyeshwe kijibwa akiwa na mama yake pale alipozaliwa. Wewe huhitaji kuishi huko ili uitumie. Ifanye sheria ya nyumbani kwako.

Ukitaka kumridhisha mumeo kwa hesabu, mwambie hivi. Muuzaji anasema vijibwa wana wiki 6 na wamepata chanjo zote. Haiwezekani. Kijibwa hupata kinga yake ya kwanza kwenye maziwa ya mwanzo ya mama, na kinga hiyo hiyo huizuia chanjo isishike mpaka itakapopungua, jambo linalotokea kwa kila kijibwa kwa wakati wake. Ndiyo maana chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki chache, na ile ya mwisho ya mfululizo huo hutolewa akiwa na wiki 16 au zaidi. Wa wiki 6 aliyepata "zote" ama hana hata moja ama umri wake ni wa uongo. Kisha wiki 6 zenyewe ni mapema mno kumtoa. Wiki 8 ndicho kiwango cha chini, kwa sababu wiki zile mbili za kati ndizo anazojifunza kwa ndugu zake kwamba ukiuma kwa nguvu mchezo unaisha. Asipojifunza kwao, atajifunzia kwenye mikono ya mwanao wa miaka 6.

Na usichukue wawili, hata kwa bure. Ndugu wa tumbo moja wakilelewa pamoja mara nyingi hushikamana wao kwa wao, nyinyi mkabaki kuwa watu wa kujaza bakuli.

Koka au kavalia? Hapa rafiki yako amesema kweli nusu. Kavalia ni mpole sana, mbwa wa mapajani wa kilo 5 hadi 8, anayempenda hata fundi wa bomba. Mazoezi anahitaji kama wenzake. Lakini kinachonisumbua mimi kuhusu kavalia ni moyo. Vali ya upande wa kushoto hulegea na kuvuja, daktari akiweka kipima moyo kifuani anasikia mvumo badala ya mapigo safi. Wengi huanza hata kabla ya uzee, na wakifika miaka 10 karibu wote wanao. Tena fuvu lao ni dogo kwa ubongo walio nao, na baadhi hupata vifuko vya majimaji ndani ya uti wa mgongo; utamwona anajikuna hewani karibu na shingo bila kuigusa, na watu hucheka wakidhani ni mbwembwe, kumbe ni maumivu. Mambo haya ni mazito kiasi kwamba mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Norwei iliamua kwamba kuendelea kuzalisha kavalia kama inavyofanyika sasa ni kinyume cha sheria yao ya ustawi wa wanyama.

Sisemi usimchukue. Nasema ukimtaka kavalia, mfugaji wake awe mkali kuliko yule mama wako. Wafugaji makini wa mbwa hawa hawapandishi kabla dume na jike hawajafikisha miaka 2 na nusu na kupimwa moyo na mtaalamu, na huangalia kwamba wazazi wa hao wazazi walikuwa hawana mvumo wakiwa na miaka 5. Uti wa mgongo hupimwa kwa picha ya MRI. Muuzaji akikwambia "hawa wangu hawana shida hiyo", mshukuru uondoke.

Koka ni mbwa wa kazi, na jina lake limetokana na ndege wa msituni, woodcock, ambaye alikuwa akimfurusha vichakani ili wawindaji wampate. Zamani, katika karne ya 19, koka na springa, spanieli mwenzake, walizaliwa tumbo moja. Wadogo wakaitwa koka, wakubwa springa, mizani ndiyo iliyoamua. Leo wametengana: koka ana kilo 13 hadi 14 na nusu, springa huzidi 20. Springa simpendekezi kwako, ni mbwa wa mtu anayetembea mashambani kila siku.

Lakini hata ndani ya koka wenyewe kuna ukoo wa aina mbili, na hili watu hulijua wakiwa wameshanunua. Wapo wa maonyesho, yaani mashindano ya uzuri wa mbwa: kichwa cha mviringo, masikio marefu yanayoingia kwenye bakuli la maji, manyoya mengi ya kuchanwa, mwendo wa wastani. Wapo wa kazi: wembamba, wepesi, pua chini muda wote, hawajui kukaa. Huyo wa pili usipompa kazi atajitafutia mwenyewe, na ataanzia kwenye makochi. Muulize yule mama wake ni wa upande upi. Nyumba yenye watoto wadogo na wazazi wanaokwenda kazini, wa maonyesho anafaa zaidi, ingawa hata yeye anahitaji kama saa moja ya kutembea na kunusa kila siku. Na mara kwa mara atahitaji kunyolewa na kuchanwa, kwa hiyo mumeo kuogopa kuogesha hakumwepushi na mengi.

Koka naye ana maradhi ya kurithi, ila mengi yana kipimo, na hapo ndipo utakapomtambua mfugaji. Kuna PRA, ambapo retina hufa polepole: mbwa huanza kujigonga kwenye miguu ya viti jioni, baadaye na mchana, hatimaye haoni kabisa. Kuna ugonjwa wa figo wa ukoo, unaoitwa FN kwa kifupi, unaoua mbwa mara nyingi kabla hajafikisha miaka 2. Kuna glakoma, yaani presha ya jicho, ambayo hiyo haina kipimo cha jeni. Daktari wa macho hutazama pembe ya jicho la mzazi kwa lenzi maalumu. Nyonga nazo hupigwa picha.

Yale ya jeni hayataki akili nyingi. PRA na FN humpata kijibwa aliyepokea jeni mbovu kutoka kwa baba na kwa mama. Mwenye moja tu ni mbebaji. Haugui maisha yake yote na huwezi kumjua kwa macho. Wabebaji wawili wakipandishwa, kila kijibwa ana uwezekano wa asilimia 25 wa kuugua. Mbebaji akipandishwa na aliye safi, hakuna atakayeugua. Kipimo ni kijiti cha kupangusa ndani ya shavu, kinatumwa maabara, wiki chache majibu yamerudi. Kwa hiyo leo kuzalisha koka anayepofuka kwa PRA hiyo si bahati mbaya, ni uvivu wa mtu.

Muuzaji wa pili akikwambia vijibwa "wamepimwa na daktari", maana yake daktari aliwatazama meno na kuwasikiliza kifua, kama aliwatazama. Wewe omba majibu ya maabara ya wazazi, kwenye karatasi. Kisha fanya kitu ambacho watu wengi huona aibu kukifanya: soma namba ya chipu, ile ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi ya mbwa, iliyoandikwa kwenye ile karatasi, tarakimu 15, na umwombe mfugaji apitishe kisomeo kwenye shingo ya jike. Namba zifanane. Mfugaji wa kweli atafurahi; mimi mwenyewe nikiulizwa hivyo na mnunuzi humpandisha juu kwenye orodha yangu.

Hati ya ukoo isikubabaishe. Inasema nani kamzaa nani, haisemi kama moyo unavuja. Ina faida moja ambayo wanunuzi huiruka: tazama majina ya mababu. Jina moja likijirudia upande wa baba na upande wa mama, uliza. Mbwa waliopandishwa na ndugu zao wa mzazi mmoja huzaa vijibwa ambao, kwa asilimia 12.5 ya sehemu za vinasaba, hupokea kitu kile kile kutoka pande zote mbili, na hapo ndipo jeni mbovu zilizojificha zinapokutana.

Na hao "adimu" wa mabaka ya kijivu cha samawati, achana nao. Rangi hiyo, mereli, haimo kabisa katika viwango vya koka wa Kiingereza. Wenye jeni hiyo wakipandishwa wao kwa wao, robo ya vijibwa hupokea dozi mbili na wengi huzaliwa viziwi au vipofu. Neno adimu kwenye tangazo la mbwa kazi yake ni moja, na iko kwenye bei.

Siku ya kwenda. Nenda mara ya kwanza bila watoto, hata kabla jike hajapandishwa. Usitazame vikombe vya ushindi ukutani. Omba ruhusa, chuchumaa, mwache jike akunuse, kisha inua sikio lake. Sikio la spanieli ni mfuko wenye mfuniko: joto, unyevu, hewa haipiti, na uchafu wa siku tatu unatosha kuleta ukungu. Ndani pawe na rangi ya waridi iliyopauka, pakavu, harufu ya ngozi tu. Ukikuta nta ya kahawia na harufu ya soksi zilizosahaulika, au jike akitoa kilio ukigusa, basi hapo hakuna mkono wa kila siku, na kama hakuna kwenye sikio la mama, sijui utakuwepo wapi kwa wanawe. Mimi hilo sikio naliamini kuliko karatasi zote nilizokutajia.

Vijibwa wakishazaliwa, watazame wanapoishi. Nataka wawe ndani ya nyumba, karibu na sauti za sufuria na redio na mlango unaogongwa, si kwenye banda la nyuma lenye ukimya. Dirisha la kuzoea dunia hufunguka wakiwa na wiki 3 na huanza kujifunga karibu na wiki ya 12, kwa hiyo zaidi ya nusu ya muda huo wako mikononi mwa mfugaji, si mwako. Muulize wamesikia nini, wamekanyaga nini, wamebebwa na nani. Uliza hili ni tumbo la ngapi. Kennel Club ya Uingereza, chama cha kusajili mbwa kilichoanzishwa mwaka 1873, haisajili zaidi ya matumbo manne ya jike mmoja, na mimi kwangu naishia matatu. Dume asipokuwepo usishtuke. Wafugaji wazuri mara nyingi humpeleka jike kwa dume wa mtu mwingine. Mradi waonyeshe majibu ya vipimo vyake.

Kuhusu kuchaguliwa, mshukuru. Wewe utawaona kwa saa moja, na katika saa hiyo yule mkorofi anaweza kuwa amelala na mpole amechangamka kwa sababu ametoka kunyonya. Yeye amewatazama wiki 7. Anajua nani hulia akiachwa peke yake, nani hupanda juu ya wenzake kutoka kwenye kisanduku, nani hurudi kwa mtu baada ya kushtushwa na kishindo. Huyo anayerudi upesi ndiye wa nyumba ya watoto. Wewe eleza unachotaka, rangi iweke mwisho, umwachie. Unachobaki nacho ni kumkagua aliyekuchagulia: macho makavu yasiyo na usaha, tumbo lisilojaa kama ngoma (hiyo ni minyoo), kitovu kisicho na uvimbe, anatembea miguu minne sawasawa. Mwombe tarehe za dawa ya minyoo, ambayo huanza akiwa na wiki 2. Na ndani ya siku mbili tatu za kumfikisha nyumbani mpeleke kwa daktari wako wewe, si wa mfugaji.

Arubuni utalipa, hilo si dhambi, ila baada ya kufika na kuona, kwa risiti iliyoandika inarudishwa lini na kwa sababu gani.

Kusubiri kutakuwa kurefu. Jike huingia joto kila baada ya miezi 6 au zaidi, mimba ni siku 63 hivi, juu yake wiki 8. Unaweza kujikuta unahesabu karibu mwaka. Kama hilo linakushinda, muulize yule mama kama ana mbwa mkubwa aliyerudishwa kwa mkataba ule ule uliokuudhi, mwenye miaka 2 au 3, aliyeachana na mwenyewe kwa sababu ya kuhama au kufiwa. Mimi spanieli wangu bora nilimpata hivyo, na hakunitafunia hata kandambili.

Mumeo mpelekeni naye siku ya pili, mkae sakafuni. Watu wa "mbwa ni mbwa" huwa wa kwanza kulala nao kwenye kochi.

Jina msibadilishe. Mbwa husikia vizuri jina fupi, na Njugu lina silabi mbili tu. Kwenye hati ataandikwa jina refu la ukoo ambalo hakuna atakayelitamka. Mwandikie yule mama leo, mwambie uko tayari kwa orodha, na mtumie moja ya zile picha za kwenye friji. Akiuliza mnataka dume au jike, mwambieni lolote. Njugu linawafaa wote wawili.

Mjomba